Ombi la Kumhamishia Bibi Dukani Kwenu

Jumatano, tarehe 9 Septemba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

KUHUSU: SIMU INAYOFAA KILA MAHALI ISIPOKUWA NYUMBANI KWETU

Naahidi kueleza kila kitu, hata yale yasiyotupamba sisi wenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya malalamiko inayoficha jambo ni kama ndoo yenye tundu: utachota kutwa na hutafika na maji.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ninaishi na Bibi mzaa mama, Mama, na Mjomba ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mama amenikataza kuandika barua hii, akisema mtoto wa shule hamwandikii mkubwa wa kampuni. Bibi ameniruhusu. Nyumbani kwetu Bibi akishasema, wengine wote huwa wanatoa maoni tu.

Mama Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, anafanya kazi ng'ambo na sasa ni mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Katika familia yetu mtoto hapewi jina mpaka Bibi amtazame usoni. Hiyo ndiyo kanuni, na Bibi ametukumbusha mara nyingi mwaka huu. Mama Mdogo hawezi kusafiri katika hali yake, na magoti ya Bibi hayapandi hata ngazi za benki, sembuse za ndege. Ndipo Mama Mdogo akatuma simu yenye kioo kikubwa, ili mtoto akizaliwa Bibi amwone palepale na jina litoke. Ni simu isiyofungwa kwa kampuni yoyote, unaweka laini uitakayo. Mjomba anaiita simu huru. Mtoto anatarajiwa wakati wowote kuanzia sasa, kwa hiyo naandika kwa haraka, ingawa mwandiko nimejitahidi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla simu haijatumwa, tuliikagua. Sisi si watu wa kukurupuka. Mama Mdogo alibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, ikatokea ile namba ndefu ya kuitambulisha simu. Akanisomea tarakimu mojamoja, nami nikaziingiza kwenye ukurasa wenu wa kukagua simu zitokazo nje, nikitumia kompyuta ya shuleni. Ukurasa ulifikiri kidogo, kisha ukaleta alama ya vema ya kijani na maneno haya: "Hongera! Simu yako inafaa kwenye mtandao wetu." Nilipompelekea Bibi habari hizo, siku hiyo alivaa gauni lake la kutokea ingawa hakuwa na pa kwenda. Mheshimiwa, mtu akisema kitu kinafaa, hana budi kusema kinafaa wapi. Viatu vyangu vya shule vinafaa sana, ila si kwa miguu yangu ya mwaka huu.

2. Simu ilifika ikiwa imeviringishwa ndani ya soksi za sufu. Tukaweka laini yenu. Pale juu pakaandikwa "Hakuna huduma." Tuliipeleka sebuleni, jikoni, dirishani na uani. Mjomba akapanda nayo paa. Akiwa huko juu aliutangazia mtaa mzima kwamba simu imekuja kwa ndege lakini mtandao bado unakuja kwa miguu. Jirani akamjibu kwamba ashuke tu, mtandao ukifika utabisha hodi. Na muda wote huo simu yetu ya zamani, ile ndogo ya vitufe ambayo mfuniko wake umefungwa kwa mpira, ilikuwa imelala mezani na mistari yote ya mtandao, mtandao huohuo wenu. Tulijiona kama watu waliopokea mgeni msomi ambaye haelewi lugha ya nyumbani, na hakuna kampuni nyingine yenye mnara unaofika kwetu bondeni.

3. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja kwa simu ndogo. Sauti ya mashine ikasema, "Simu yako ni muhimu kwetu." Bibi, aliyekuwa anasikiliza ubavuni kwangu, akasema kama ni muhimu kwao basi waje waichukue waitengeneze. Sauti ikaongeza kwamba mazungumzo yatarekodiwa. Hapo Bibi alikaa vizuri, akasafisha koo, akaanza kutoa salamu kwa ajili ya kumbukumbu. Alipofika kuulizia afya za wazazi wenu, salio likaisha. Kama rekodi hiyo ipo naomba itunzwe, kwa kuwa sauti yake siku hiyo ilitoka vizuri.

4. Tulikwenda dukani kwenu, lile la mjini karibu na benki. Pale kaunta yupo dada mmoja ambaye sisi tunamwita Dada Subirini, maana ndilo neno lake, lakini ni mtu mwema. Aliichukua simu, akaiwasha, na kabla hatujakaa mistari ya mtandao ikajaa. Alitutazama kama watu waliokuja kumsingizia. Tukarudi nyumbani: hakuna huduma. Tukarudi dukani: mistari imejaa. Tulipokwenda tena, na Bibi sasa akiwa amebeba mto wa kukalia, ndipo Dada Subirini akanivuta kando akanieleza ukweli. Minara yenu hurusha mawimbi kwa aina tatu za masafa. Simu ya Mama Mdogo inajua aina mbili, na hizo zipo hapo mjini. Aina ya tatu, ambayo ndiyo pekee inayofika bondeni, simu hiyo haijapata kuisikia tangu itoke kiwandani, kwa sababu huko ilikotengenezewa haitumiki. Ukurasa wenu ukiona simu inajua mbili, unasema inafaa na unatoa hongera. "Si mbovu na wala haijafungwa," akaniambia. "Ila masafa simu inazaliwa nayo, mdogo wangu. Hayaongezwi."

Mjomba alipoelezwa hayo alisema basi tutajenga mnara wetu. Ameshaunganisha mabomba yaliyobaki kwenye geti la mteja mpaka yamepita paa. Mtandao haujashika, ila shuka zinakauka vizuri mno. Hilo si lalamiko. Niliahidi tu kueleza kila kitu.

5. Hili ndilo zito. Ijumaa iliyopita Mama Mdogo alipiga kwa video tukiwa dukani. Bibi hakuwa amemwona tangu alipoondoka, na wakati huo mimi nilikuwa bado sijui kusoma. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kwanza alimwambia amekonda, ingawa tumbo lilikuwa limejaa kioo chote. Kisha akawa anampapasa shavu kwa kidole gumba, taratibu, mpaka picha ikapotea nikairudisha. Mama Mdogo alikuwa anageuka ili atuonyeshe jinsi mtoto anavyopiga teke, na hapohapo mlinzi akazima taa, kwa kuwa saa ya kufunga ilikuwa imefika. Alituomba radhi, na simlaumu. Tulitoka nje, lakini honi za barabarani zilimeza maneno yote, na Bibi akabaki anampungia mkono mtu asiyesikika. Njiani kurudi hakumkosoa dereva hata mara moja.

Kutokana na hayo, ninaomba yafuatayo, na ninaanza na lililo bora:

(a) Mnara usogezwe. Simu imetoka mbali na umri wa kujifunza umeshaipita. Mnara ndio mwenyeji, na mgeni akija mwenyeji ndiye anayejibana. Nimeutazama vizuri nikaona una miguu minne. Mjomba yuko tayari kuanua shuka awapishe uani.

(b) Kama hilo haliwezekani, basi Bibi ahamie dukani kwenu mpaka mtoto azaliwe. Naliona ni jambo jepesi zaidi, kwa kuwa Bibi ana uzito mdogo kuliko mnara. Itabidi alale humohumo, kwa sababu watoto, kwa jinsi tulivyosoma katika biolojia, hawazaliwi kwa kufuata saa za kazi. Najua mtasema mtandao upo pia stendi na sokoni. Tulishamshauri hivyo, akasema hawezi kumpa binadamu jina huku mtu anamuuliza bei ya nyanya. Atahitaji kiti kisicho na magurudumu. Kile cha Dada Subirini alikijaribu, kikampeleka mpaka kwenye kabati la chaja.

Hatakaa bure. Ameshaipanga foleni yenu: wazee mbele, wenye watoto wafuate, na wenye haraka mwisho ili wajifunze. Amewapatanisha mume na mke waliokuja kuchunguziana simu, wakaondoka wamesahau hata walichofuata. Kwa uaminifu niseme pia kwamba alimshauri baba mmoja asinunue simu mpya kwa vile aliyonayo bado inaongea, na baba yule akaenda zake. Hilo tutazungumza naye.

(c) Kama hata hilo haliwezekani, basi kampuni impe mtoto jina yenyewe, kwa kuwa aliyeziba njia ndiye anayeonyesha nyingine. Achaguliwe mfanyakazi wenu mwenye umri mkubwa kuliko wote. Amtazame mtoto usoni bila haraka, aseme amefanana na nani katika ukoo wetu (picha tutaleta), kisha jina litolewe kwa maandishi lenye mhuri. Tunaomba tu lisiwe jina la kifurushi.

Mheshimiwa, labda unaona haya ni mambo ya nyumba moja. Lakini mtoto asiye na jina hawezi kuitwa. Asiyeitwa haitiki, asiyeitika hatumwi dukani, asiyetumwa dukani hajifunzi kuhesabu chenji, na asiyejua kuhesabu chenji hawezi kununua muda wa maongezi. Kampuni itakuwa imempoteza mteja kabla hajaota meno, kwa ajili ya aina moja ya masafa. Sipendi mfike huko, kwa kuwa bado mna minara mizuri.

Namaliza hapa nikiwa sina kinyongo. Nisalimie Dada Subirini na umwambie mto ule ni wa kwetu, ila anaweza kuukalia. Msalimie mlinzi, wasalimie waliotengeneza ukurasa wa kukagua simu, na yule dada wa sauti ya mashine, ambaye Bibi anasema kwa jinsi anavyorudia maneno inaonekana hapati likizo. Mama naye anasalimia, ingawa hajui kwamba anasalimia.

Wako mtiifu na mteja wenu,
Mjukuu wa yule Bibi wa Foleni

Nyongeza (Alhamisi): Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, na kwa kuwa niliahidi kueleza kila kitu, nalazimika kuongeza haya.

Mtoto amezaliwa leo asubuhi. Ni wa kike. Mama Mdogo alipiga kwenye simu yetu ndogo ya vitufe, sauti tu, wakati Bibi anachambua mchele. Mama akaweka spika. Mtoto akalia, kwa nguvu, kama mtu aliyekatishwa jambo. Bibi aliacha ungo, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Huyo ni mama yangu amerudi." Akamwita jina hapohapo, na mtoto akanyamaza, akaitika kwa njia yake.

Nilimkumbusha Bibi kuhusu kanuni, kwamba uso hajauona. Akaniuliza, "Kwani wewe nilikuona? Umezaliwa umeme umekatika." Nikamgeukia Mama, naye akasema ni kweli, hata kibiriti kilikuwa kimelowana, na kanuni hiyo yeye ameanza kuisikia mwaka huu simu ilipotajwa.

Nikamuuliza Bibi kwa nini basi alitusumbua sote. Alirudia mchele wake. Baadaye akasema, polepole, "Ningesema nataka tu kumwona mwanangu, mjomba wako angepanda paa?"

Nikarudi kwenye bahasha, Mheshimiwa. Kwa hiyo malalamiko yote yanayohusu jina nayafuta, pamoja na ombi la mnara, la kulala dukani na la mhuri. Jina limepatikana, tena limepita kwenye aina ile ya tatu ya masafa bila kukwama, na kwa hilo tunashukuru. Mama Mdogo atatoka hospitali Jumamosi, na Jumapili mchana atakuwa ametulia nyumbani kwake na mtoto. Kibao cha mlangoni kwenu kinasema Jumapili mmefunga. Naomba unijibu mapema kwa namba ya simu ndogo, niliyoiandika nyuma ya bahasha: je, Jumapili hii mnaweza kutufungulia, hata kwa muda wa mama kumtazama mwanawe mpaka atosheke?