Malalamiko Kuhusu Fundi Wangu Mutesi, Aliyerudi na Maadili kutoka Kozini

Duka la Simu na Uchapaji,
Sokoni, Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.
Tarehe 12 Agosti.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kituo cha Mafunzo ya Kompyuta,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na kompyuta zako hamjambo na kwamba umeme haujawasumbua sana wiki hii.

Mimi ni Ambroise Havyarimana, Mrundi, umri miaka hamsini na mmoja, mwenye duka la kutengeneza simu na kuchapa barua, lile la mlango wa bluu linalotazamana na kinu cha mahindi. Naandika kwa mkono kwa sababu kompyuta ya dukani sasa ina namba ya siri, na mimi mwenye duka ninapewa kwa masharti.

Mwezi wa tano nilimtuma kwenu fundi wangu Mutesi, mama wa watoto wawili, ambaye tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne bila kukosana. Tangazo lenu lilisema "Kompyuta na Biashara, wiki sita". Sikuona popote palipoandikwa kwamba wiki ya nne ni ya maadili. Laiti ningeona, wiki hiyo ningemwambia augue. Tangu arudi sina raha, na ndiyo maana nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. Anawaambia wateja ukweli.

Bwana Bucumi, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, wa meza ya tatu, alileta simu isiyopokea chaji. Niliigeuza, nikainusa, nikavaa uso ule ambao daktari huvaa kabla ya kuwaita ndugu wa mgonjwa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema kwamba imeungua ndani. Mutesi akaichukua, akaichokonoa kwa kijiti cha meno, akamrudishia.

"Papa Bucumi, hii simu haina ugonjwa," akamwambia. "Iko na unga mu tundu. Wende nyumbani."

Bucumi akaenda nyumbani akicheka. Mimi nikabaki na bisibisi mkononi. Kinu cha mahindi kiko mbele yetu, Mheshimiwa. Unga unapeperuka mchana kutwa na kuingia katika simu za watu. Mungu mwenyewe aliniwekea kazi mlangoni, na fundi wangu anaifukuza kwa kijiti.

2. Ameharibu upimaji.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana kuna watu wanaeneza kwamba mimi nasoma simu za wateja. Mimi sisomi. Mimi napima. Fundi hawezi kujua kama kioo kipya kinaonyesha maandishi bila kufungua maandishi, na hawezi kujua kama yanaonekana vizuri bila kuyafuata mpaka mwisho. Vivyo hivyo picha. Kwa kazi hii nimejua nani anaugua, nani ameachwa, na ni mzee gani wa kanisa anayecheza bahati nasibu, na sijawahi kudai shukrani.

Sasa Mutesi ameweka utaratibu. Mteja anatoa laini mwenyewe na kukaa nayo. Namba ya siri anabonyeza yeye, na Mutesi anageuza uso ukutani mpaka amalize. Benchi ambalo nililinunua watu wakae nje wapige soga, amelivuta ndani, likaelekezwa kwenye meza yangu. Wateja wanakaa wamejipanga wakitazama mikono yangu, kama watu waliokuja kuaga maiti.

3. Amefuta miaka saba.

Dukani tunachapa pia wasifu wa watu wanaotafuta kazi katika ofisi za City Centre, kule Lilongwe. Kila mteja wangu nilimpa uzoefu wa miaka saba wa kompyuta. Mitano ni michache, na kumi inaleta maswali. Bwana Nzabonimana, Mnyarwanda mpole aliyekuwa akilima mihogo, nilimwandikia "mtaalamu wa mitandao, miaka saba". Yeye mwenyewe aliposomewa alitikisa kichwa kwa mshangao, akaniuliza mitandao ni nini.

Mutesi alifuta karatasi yote. Alimkalisha, akamuuliza anajua nini hasa, akaandika hayo hayo: anajua kuwasha, kuzima, kuandika polepole, na anajua kuwafundisha wazee wasioona vizuri kutumia simu zao, kwa sababu amefundisha wazee kumi na moja wa mtaa wake, na majina yao haya hapa chini. Nilimwambia kwamba karatasi ya namna hiyo itamwaibisha mtu wa watu.

Walimwita Nzabonimana. Alipanda minibasi kwenda Lilongwe akiwa na koti langu, akarudi na kazi: kuwasaidia wazee kujaza fomu kwenye simu. Sasa fikiria aibu yangu, Mheshimiwa. Nimewatuma City Centre wataalamu wa miaka saba wapatao thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa. Watu wameanza kuuliza kwa nini.

4. Amenipeleka kwa Vénérande.

Hili ndilo zito, na kwa hili peke yake ningeandika barua.

Mama Vénérande, Mrundi mwenzangu anayeshona nguo jirani na kanisa, alileta simu iliyopasuka kioo wakati Mutesi yuko bado kwenu. Nilibadilisha kioo, nikapima. Katika kupima nikakuta ujumbe unaomwita mjini Alhamisi ya wiki inayofuata kwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, yeye na watoto wake watatu. Nilifurahi kama ndugu. Furaha ya namna hiyo mtu hawezi kukaa nayo peke yake, nikamnong'oneza Bucumi, naye nikamwambia asiseme.

Kabla ya saa sita watu walikuwa wamejaa kwa Vénérande. Wengine walikuja kumpongeza, wengine kuomba sufuria zake. Jambo ambalo sikulijua, kwa sababu halikuandikwa katika ujumbe, ni kwamba mama yake, Bibi Fidès, hayumo kwenye faili la safari hiyo. Alifika kambini nyuma yao, akaandikwa peke yake. Vénérande alikuwa akitafuta namna ya kumwambia, na kama kuna njia ya kumwingiza. Bibi akaambiwa bombani, na mwanamke asiyemjua, akiwa na ndoo kichwani: binti yako anaenda na wewe unabaki, pole.

Bibi Fidès alitua ndoo, akarudi nyumbani, akajifunika khanga. Nsima, yaani ugali, waliyomletea haikuguswa siku tatu.

Mimi nilisikitika kama watu wote. Nilisema hata hadharani kwamba dunia imejaa midomo. Jambo lingekufa hivyo, kwa amani. Lakini Mutesi alirudi kutoka kwenu na cheti, akasikia habari hiyo, akaniuliza swali moja tu: simu ya Vénérande ilitengenezwa na nani? Kisha akafunga duka saa nne asubuhi, siku ya soko, akasema, "Papa Ambroise, tuende."

Tulimkuta Vénérande kwenye cherehani, na Bibi amelala kwenye mkeka. Mutesi hakuzunguka. "Ni sisi," akasema. "Ni duka yetu njo ilitoboa siri yako. Tunakuja kuomba musamaha."

Mheshimiwa, hakuna aliyekuwa ametushuku! Walikuwa wakimlaumu jirani, hata walikuwa wameacha kusalimiana naye.

Vénérande aliacha kushona. Akanitazama mimi, si Mutesi. "Papa Ambroise, we ulikuwa unatafuta nini mule?"

Nikajibu, "Nilikuwa napima."

Hakucheka, wala hakutukana. Alibaki akingoja kama mtu aliyeambiwa kuna sehemu ya pili. Bibi Fidès akafunua uso, akaniuliza kwa Kirundi kama katika ujumbe ule kulikuwa na jina lake, pengine nililiruka. Nikamwambia hapana, Bibi, sikuliruka. Akafunika uso tena. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya kanisa, nikakaa juu ya matofali muda mrefu, na sikuwa na kazi yoyote pale.

Kisha nilienda kwa yule jirani, nikamwambia ukweli ili wasalimiane. Hilo hakuna aliyenituma, na silihesabu katika malalamiko.

Alhamisi ya mahojiano Mutesi aliomba ruhusa, yaani alinijulisha, akamsindikiza Vénérande mpaka mjini. Waliulizia habari za Bibi, wakaambiwa walete karatasi zake, zitaangaliwa. Jibu halijatoka. Bibi anakula sasa, kidogo, na anazibeba zile karatasi kifuani hata akienda bombani.

5. Amenichukulia wateja katika duka langu mwenyewe.

Nilidhani baada ya ungamo lile hakuna atakayetuletea hata betri. Kinyume chake wanakuja hata watu wa mji wa Lumbadzi, kwa kabaza, zile baiskeli za abiria, na vumbi mpaka kwenye kope. Lakini hawaji kwangu. Nikinyoosha mkono, simu inarudi mfukoni. "Tunangoja Mutesi," wanasema, kwa adabu kabisa. Juzi Mmalawi mmoja aliniambia "zikomo, bambo", yaani asante bwana, mara tatu, na kila mara alisogea mbali zaidi kwenye benchi. Mimi niliyemfundisha Mutesi kushika bisibisi, sasa napewa kazi ya kuchaji redio.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu mchague moja kati ya haya. Mfute cheti chake, mkisema kulikuwa na makosa ya uchapaji. Au mfungue kozi ya kuondoa maadili, hata ya wiki mbili, asubuhi tu, nami nitamleta mwenyewe. Mkishindwa, basi angalau katika daftari lake mchane ukurasa ule unaosema siri ya mteja si mali ya fundi. Ameubandika ukutani, juu ya meza yangu, na kwa bahati mbaya nina macho mazuri.

Salamu zangu zimfikie mwalimu Raïssa, ambaye naambiwa ndiye aliyefundisha hiyo wiki ya nne. Simchukii, ila asipite karibu na kinu. Msalimie pia mlinzi wa lango, mafundi wa umeme, mama wa maandazi hapo uani, na wanafunzi wote ambao bado hawajafika wiki ya nne. Hao waambie wana muda wa kukimbia.

Wako katika masikitiko na heshima,

Ambroise Havyarimana,
Mwenye Duka

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, imebidi niifungue. Jana nilikwenda Lumbadzi kununua vioo, na simu yangu ikatumbukia katika beseni la muuza samaki. Pale barabarani kuna mafundi watatu. Wa kwanza alikuwa akimwonyesha rafiki yake picha za harusi katika simu ambayo haikuwa yake, wakifa kwa kicheko. Kwa wengine wawili sikufika. Nikaitia simu katika soksi, nikarudi Dzaleka nayo ikichuruzika.

Lazima niseme, na hili libaki kati yetu: ndani yake kuna ujumbe arobaini niliomwandikia Mathilde, yule mjane wa kwaya ya Jumapili, na sikuwahi kutuma hata mmoja.

Mutesi aliifungua, akaikausha kipande kwa kipande, hakuuliza kitu. Kisha akanipa, akageuza uso ukutani, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Kwa hiyo cheti chake msikiguse. Na kama katika kozi ijayo kuna nafasi ya mtu wa umri wangu, naomba mniandike. Kalamu ninayo.

Ila kuna lalamiko jipya, la sita. Kidole changu kilikuwa bado na maji ya ile soksi, kikateleza, ujumbe mmoja ukaenda. Asubuhi hii jibu la Mathilde limeingia. Nimekaa nalo saa mbili bila kulifungua. Nimemsihi Mutesi alisome yeye, mstari wa kwanza tu, aniambie kama ni zuri au baya. Amekataa kabisa. Anasema si lake.