Polinomia ya Fahali wa Mzee Shikanga

Alhamisi, 4 Agosti 1994
Shule zimefungwa, akili yangu haijafungwa. Jumamosi fahali wa Mzee Shikanga atapigana na fahali kutoka Khayega. Mzee ni babake Jescah, na Jescah ni mke wangu mtarajiwa, ingawa hajapata habari. Kikwazo ni Bramwel, bwana shamba aliyesomea chuo cha kilimo cha Bukura. Kila jioni yuko pale bomani akimpapasa fahali na kuisifu nundu yake. Mzee humchekea. Mimi, mwalimu wa hesabu mwenye digrii, napewa chai iliyopoa. Mafahali wawili hawakai zizi moja!

Ijumaa, 5 Agosti
Nimepata! Uwanja wa pambano ni shamba lililovunwa, na upande wa bondeni kuna safu saba za mabua ya mahindi yaliyofungwa mafungu na kusimamishwa. Fahali akishindwa atateremka, na kila safu atapita kulia au kushoto kwa fungu. Nikaandika polinomia: 1 + x, 1 ikiwa kushoto na x kulia. Kila safu, chukua polinomia ya safu iliyotangulia, zidisha kwa 1 + x. Ya saba ikanipa 1, 7, 21, 35, 35, 21, 7, 1. Hizo ndizo njia za kufika kila mahali kule chini. Katikati njia tele, ukingoni moja tu kati ya mia moja ishirini na nane! Safu zikizidi kuongezeka, mgawanyo hukaribia umbo la kengele. Uzuri ulioje!

Nimejitolea kupanga viti. Mzee, ukingo wa kushoto kabisa. Bramwel, katikati. Nikamhakikishia Mzee kwamba hesabu haidanganyi. Akauliza kama hesabu imewahi kuchunga. Mzee ana utani.

Jumamosi, 6 Agosti
Ngoma za isukuti zikalia, mafahali wakagongana. Wa Mzee akashindwa upesi, akageuka. Nikatoa kalamu. Safu ya kwanza, kushoto. Ya pili, kushoto. Ya tatu, kushoto. Nikajua sasa atarudi katikati. Wapi! Kushoto mpaka mwisho, na kiti cha Mzee kikawa kuni. Mwenyewe alijirusha mtaroni, akapoteza kiatu. Aliyemvuta kutoka mtaroni ni nani? Bramwel, ambaye kule katikati hakuguswa hata na vumbi.

Mzee akanigeukia mbele ya umati: "Mwalimu, ng'ombe akipigwa anakimbilianga kwao. Na kwangu ni kule!" Kweli, njia ya kwenda kwake inaanzia ukingo wa kushoto. Watu walicheka hadi wapiga ngoma wakashindwa kupiga.

Jumanne, 9 Agosti
Kanuni mpya: hasira ya leo ni nusu ya hasira ya jana. Tangu Jumamosi imebaki thumni. Nikaenda kuomba radhi na jogoo mnene. Mzee akampokea jogoo, mimi akanifungulia mbwa. Kanuni ni sahihi, ila sikujua hasira ilianzia kiasi gani. Nimeshona suruali.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimekutana na Jescah sokoni. Kanieleza kwamba Bramwel na wazee wake wanakuja Jumapili kuzungumza na babake. Niliumia, tena sana. Nikammwagia yote: polinomia, viti, jogoo, na kwamba yote ni kwa ajili yake.

Akasikiliza, kikapu mkononi. Halafu akataka kujua kwa nini nimemtafuta kwa ng'ombe, kwa baba na kwa mbwa, lakini yeye sijamuuliza neno. Akasema Bramwel naye hajamuuliza. Akasema anangoja tu mmoja wetu amuulize, na si lazima awe Bramwel. Akanitazama machoni, akangoja.

Bahati iliyoje! Nikamshukuru, nikatimua mbio hadi nyumbani. Jibu ni ndiyo au la, basi naanza na 1 + x. Kosa la Jumamosi lilikuwa uchache wa safu, safari hii nafanya mia mbili. Nisipolala, kufikia Jumatatu nitajua kama inafaa kumuuliza.