Vita vya Katibu wa Miwani Miwili na Njia ya Jarida

Kaeni vizuri, enyi mlioketi nusu nusu. Nanyi mliosimama mlangoni na vikombe mkononi, ingieni mfunge mlango, maana habari hii haisimuliwi penye upepo. Sogeeni, nyote mliowahi kusahau neno la siri mkafungiwa nje ya sanduku lenu wenyewe. Sogeeni mliowahi kubonyeza "tuma" kisha mkaliita jina la Mungu. Nawe mtandao, mwenye kuja na kuondoka utakavyo, tulia kitambo kwa heshima ya wakubwa, usituzungushie kile kiduara chako. Hapa patanenwa jinsi Katibu wa Miwani Miwili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea, alivyoingia vitani kwa ajili ya jarida, akatoka nalo.

Palikuwa na chama kidogo, kilichokaa ghorofa ya kwanza juu ya duka la kushona mapazia. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti, kuvirekodi, na kuwapelekea watu wasioona. Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya zamani iliyozungushiwa magodoro kuta zote, na cherehani za chini zilipoanza kunguruma, msomaji alinyamaza katikati ya sentensi, hata kama mfalme wa kitabuni ameshainua upanga, akangoja pindo la pazia liishe. Nacho chama kilikuwa na sheria moja iliyoipita katiba kwa nguvu: kila kilichorekodiwa kilikaguliwa na mtu aliyefumba macho, kwa sababu mwenye ukurasa mbele yake humsaidia msomaji bila kujijua. Sheria hiyo iliitwa Kufumba, na hapakuwa na aliyethubutu kuivunja.

Kila mwezi Katibu aliandika jarida la kutangaza vitabu vipya, akalituma kwa baruapepe kutoka sanduku lake mwenyewe, anwani zote zimepangwa waziwazi kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Kila msomaji aliwaona wenzake wote. Bibi mmoja akajibu kuhusu goti lake, na goti lile likawafikia wote, nao wote wakatoa pole, na pole zikashukuriwa, na shukrani zikaitikiwa. Mwishowe yule mlinzi wa barua asiyeonekana, akaaye ndani ya mitambo, akachoka. Akamwona Katibu kuwa mmoja wa matapeli wa mtandaoni, akaanza kuyatupa majarida yake kwenye shimo la barua taka. Mwezi ule jarida halikufika, na uliofuata vilevile.

Wasomaji wengi walipiga simu kuuliza. Mmoja hakuuliza, naye ndiye aliyemkosesha Katibu raha: mjomba wake, hakimu mstaafu, ambaye uzee ulimchukulia macho ukamwachia ulimi. Mzee huyu ndiye aliyemlea Katibu, akamfundisha kusoma kwa kumsomea hukumu za kesi za mipaka ya mashamba badala ya hadithi. Zamani, kila jarida lilipofika, simu yake ilimsomea kwa sauti, naye akachagua vitabu, kisha akaandika majibu yaliyojaa lawama. Lawama hizo ndizo zilizokuwa salamu zake, na sasa palikuwa kimya.

"Shikamoo, Mjomba," Katibu akampigia.

"Marahaba, mpwa wangu."

"Jarida limekwama, Mjomba. Nikusomee mwenyewe orodha ya vitabu, uchague?"

"Hapana. Nimekaa kwenye kiti cha hukumu tangu wewe hujaota meno, na maneno ya kusimuliwa sikuyapokea hata siku moja. Kama barua ipo, na ije barua, niisikie. Na kama chama kimeona wazee ni mzigo, basi kiseme. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumwandikia mwenzake. Mimi sidai."

"Hujaachwa, Mjomba."

"Sikusema nimeachwa. Nimesema sidai. Wasalimie wanao."

Simu ikakatika. Moyo ulimuuma Katibu, maana alimjua mzee wake: akisema hadai, basi anadai kuliko wadai wote wa mji. Tangu jarida likatike hakuwa ameagiza hata kitabu kimoja, akawa anakaa tu na redio inayorudia habari zilezile. Hapo Katibu akavua miwani moja, akavaa nyingine, akaapa kwamba barua itafika kwa mjomba wake, na itafika kama barua.

Basi likaitwa baraza. Alikuja Mwenyekiti, mkunga mstaafu, ambaye nusu ya nyuso za mtaa ule aliziona kabla mama zao hawajaziona. Alikuja Mhazini, aliyeitwa Kufuli, na jina lile hakulichukia. Alikuja Mpambaji, bingwa wa kupamba kumbi za harusi, msomaji mwenye sauti nzuri kuliko wote. Na Katibu akawaeleza kwamba yapo majukwaa ya kazi hii hasa, ambayo humchukulia mtu jarida lake na kulifikisha kwa kila msomaji peke yake, kwa heshima, bila kumwonyesha goti la jirani. Yapo mengi kama nzi sokoni, na yeye ameyapepeta hadi yakabaki matatu.

La kwanza lilikuwa Jumba la Maua, lenye kurasa za rangi na mapambo hadi jicho linalewa. Mpambaji akasimama ingawa kiti kilikuwapo.

"Wenzangu," akanena, "miaka yote tumekuwa tukiwaandikia watu kama tunawaandikia notisi ya kukatiwa maji. Mtu anatupa muda wake, sisi tunampa nini? Tumvalie nguo basi. Kizuri chajiuza."

"Na kibaya chajitembeza," akajibu Kufuli. "Hilo jumba lako mbona limeshanitumia matangazo mara sita, na hata mlango wake sijaupita? Halafu nimesoma maandishi yale madogo ya chini. Bure miezi ya mwanzo, kisha kila msomaji akiongezeka, bei inapanda. Yaani tunatozwa kwa kupendwa. Mimi nasimama na hili la pili, Mlango wa Bure. Bure leo, bure kesho, bure hata tukifa."

"Linabandika matangazo yake ndani ya barua yetu," Katibu akasema.

"Matangazo hayaumi, Mama Katibu."

La tatu halikuwa na sifa ya kupigiwa mbiu. Kurasa zake zilikuwa nyeupe, herufi nyeusi, kitufe kimoja cha kijivu. Lilidai ada ndogo ya mwaka, na kwa vyama visivyo vya faida liliikata nusu. Kufuli akaliita Kibanda. Mpambaji alilitazama kwa huruma, akasema linafanana na cheti cha kifo.

Kura zikapigwa, na Jumba la Maua likashinda. Katibu naye aliinua mkono, tusimfichie. Maua yale yalikuwa yamemteka kama walivyotekwa wengine, na alidhani mrembo huyu ndiye farasi wa kumfikisha kwa mjomba wake. Lakini Mwenyekiti akainua kiganja.

"Mtoto hapewi jina kabla hajalia," akasema. "Andaeni jarida la majaribio, mtutumie wenyewe kwanza. Tulisikie."

Akatamka neno lile, tulisikie, na hakuna aliyelisikia.

Kesho yake alasiri Katibu alikuwa stoo, amezingirwa na magodoro, amefumba macho, akikagua sura ya mwisho ya kitabu kipya. Simu ikatikisika: jarida la majaribio, aliloliandaa Mpambaji, limefika. Mtu mwingine angefumbua macho. Lakini sura haijaisha, na sura isipoisha macho hayafumbuliwi, ndiyo sheria. Kwa hiyo akasimamisha rekodi, akaigusa simu vile awafundishavyo wasomaji wake, nayo ikaanza kumsomea.

"Picha," ikasema simu. "Picha. Picha. Kiungo kisicho na jina. Picha. Bonyeza hapa. Picha."

Kisha ikanyamaza, kwa kuwa jarida lilikuwa limeisha.

Katibu akaona haya humo gizani, haya za kweli, zilizompanda hadi masikioni. Bustani nzima, na ndani yake hakuna hata neno moja. Alikuwa karibu kumpelekea mjomba wake, aliyengoja barua miezi miwili, orodha ya picha asizoweza kuziona. Wao, chama cha masikio, walikuwa wamechagua kwa macho, na yeye mkono wake ulikuwa juu.

Akaandaa jarida lilelile kwenye yale majukwaa mawili mengine, kisha akaliita baraza, na safari hii hakuliita mezani. Alisimama mbele ya mlango wa stoo kama mlinzi wa lango la ngome, miwani yote miwili kichwani.

"Wenzangu," akanena, "humu ndani hakijawahi kutoka kitabu bila Kufumba. Hata kile cha mapishi tulikifumbia. Sasa jarida letu ni nani hata lisamehewe? Ingieni, na kila mtu afumbe. Atakayechungulia, namjua."

Wakaingia. Mwenyekiti akachukua kigoda pekee kilichokuwamo. Mpambaji akajibana kwenye kona, na Kufuli akaingia mwisho, tumbo likitangulia kama kawaida yake. Mlango ukafungwa, macho yakafumbwa, na pambano likaanza.

Jumba la Maua likaimba wimbo wake: picha, picha, bonyeza hapa. Waliposikia limeisha walidhani simu imeharibika.

"Maneno yangu yako wapi?" Mpambaji akauliza.

"Umeyaandika ndani ya picha," Katibu akamjibu kwa upole. "Simu haiwezi kusoma kilicho ndani ya picha. Jumba lile ndivyo linavyopanga kurasa zake zote."

"Kwa hiyo nimeyazika."

"Tumeyazika wote."

Ukafika Mlango wa Bure. "Punguza tumbo ndani ya wiki mbili kwa mkanda wa ajabu," ikasema simu kwa sauti kavu. "Ndugu msomaji, habari za mwezi. Tumbo bado linakusumbua? Bonyeza hapa." Gizani kila mmoja alijua ni tumbo gani lililokuwa linamgusa.

"Mlango huu nimeufunga," Kufuli akasema.

Kikaja Kibanda. Nacho, ndugu zanguni, kilisoma. Kilisoma "ndugu msomaji", kikasoma jina la kila kitabu na la aliyekisoma, kikaeleza jinsi ya kukiagiza, kikaaga, kikatulia. Ilikuwa kana kwamba mtu mwenye adabu amebisha hodi, akakaa, akasema alichokuja kusema, akaondoka kabla hajachosha. Mpambaji, aliyeshindwa siku ile kuliko wote, hakufumbua macho.

"Irudieni," akasema. "Hiyo ndiyo nzuri."

Ikabaki ada, na macho yote, yaliyokuwa yamefumbuka sasa, yakamgeukia Kufuli. Kishujaa hasa akajikuna kidevu.

"Kila robo mwaka nanunua wino wa printa," akakiri. "Printa yenyewe imekufa tangu mwaka juzi. Nimekuwa nikimnunulia marehemu wino. Basi, wino huo ndio utakaolipa."

Lakini hakuna ushindi usio na kizingiti cha mwisho. Kibanda kilitaka cheti kuthibitisha kwamba chama si cha faida. Cheti kilikuwa ukutani, ndani ya fremu, nyuma ya kabati lililokataa kusogea. Walilisukuma wote wanne, Mwenyekiti akihimiza kwa maneno aliyoyatumia kazini kwa miaka mingi, na kabati likatoka likilia. Katibu akapiga picha, akaituma. Jibu likaja: samahani, picha hii inaonyesha mama mwenye miwani miwili. Kioo cha fremu kilikuwa kimeakisi uso wake. Wakakitoa kioo kwa bisibisi, cheti kikapigwa picha kikiwa uchi, na malango ya Kibanda yakafunguka kwa nusu bei.

Ikafika saa ya kutuma. Katibu akaweka kidole juu ya kitufe cha kijivu, na ingawa wasomaji walikuwa wengi, yeye alikuwa anamtumia mmoja. Akabonyeza. Majarida yakaondoka, kila moja kwa njia yake, goti la bibi likapata faragha yake, na yule mlinzi asiyeonekana akatazama, akapiga saluti, akaacha yapite.

Wengine wakajibu upesi na shukrani. Katibu alizisoma huku akitazama jina moja ambalo halikuja. Alikunja karatasi ya mezani, akaikunjua, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha likaja.

"Jarida limepokelewa na kusikilizwa lote," aliandika Mjomba. "Ni refu mno. Kitabu cha tatu nakijua, mwisho wake ni dhaifu. Hata hivyo niletewe vyote. Na uje Jumapili, mpwa wangu. Nyumba imekuwa kimya sana."

Basi wajue wajao kwamba siku ile, juu ya duka la mapazia, jarida lilipata njia. Mwenyekiti aliitangaza habari kwa maneno aliyozoea: limezaliwa salama, linalia vizuri. Kufuli akaitupa chupa ya wino bila hotuba. Mpambaji akaomba kusoma kitabu kifuatacho.

Na Katibu wa Miwani Miwili akaingia stoo peke yake, akafunga mlango, akafumba macho, akaiambia simu imsomee tena barua ya mjomba wake. Na cherehani zote za chini zikanyamaza ili asikie. Ilikuwa saa ya chakula, lakini historia haina haja ya kulijua hilo.