Kidole Gumba cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza bango la duka la dawa. Herufi za bluu, zimenyooka, hakuna iliyolala. Mfamasia, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinipa maandishi kwenye karatasi, nami nikayahamisha herufi moja moja. Sanaa haitaki haraka. Jirani yangu, mzee mstaafu wa posta ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu, alisimama akalitazama weee, kisha akaniuliza kama nimelisoma. Nimelisoma! Mimi niliyelichora! Wivu tu.

Kufika nyumbani namkuta Shangazi anakata kidonge cha presha kwa kisu cha vitunguu. Nusu leo, nusu kesho. Anasema mwili wake mdogo, nusu inamtosha. Mdogo wapi? Miguu imemvimba mpaka viatu havimwingii, na juzi kizunguzungu nusura kimwangushe. Huyu ndiye aliyenilea. Alifua nguo za watu miaka nenda miaka rudi ili mimi nisome, nami nikasoma kidogo. Dawa imepanda bei, kazi ya mabango ni ya kubahatisha. Roho imeniuma sana. Lazima nibuni kitu.

Jumanne, 4 Machi

Sina haja ya kubuni. Serikali imeshabuni! Kumbe kuna mpango wa dawa nafuu. Mwenye ugonjwa wa kudumu anajiandikisha mara moja. Kila mwezi anakwenda duka la dawa na cheti cha daktari, anaweka kidole gumba kwenye kimashine, serikali inalipa sehemu kubwa, yeye anamalizia kidogo. Taratibu amekuwa akichukua dawa yake ya sukari hivyo hivyo siku zote. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema ameniambia zaidi ya mara moja. Huenda. Mzee huyu anapenda kuongea, mtu hawezi kusikiliza yote.

Akajitolea kumsindikiza Shangazi kwenye usajili. Kimbelembele. Nimemwambia kwamba Shangazi ana mwenyewe, ndiye mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya usajili. Shangazi amevaa gauni lake la harusi za watu. Karani akamwomba kidole gumba. Kimashine kikakataa. Akajaribu cha pili, cha tatu, mikono yote miwili. Wapi! Karani akasema sabuni ya miaka mingi imefuta alama, asihofu, ipo njia, akainuka kwenda kumwita mkubwa wake.

Ipo njia! Mimi si mgeni wa maofisi. Njia yenyewe ni njoo kesho, njoo wiki ijayo, mkubwa yuko safari. Shangazi alikuwa ameinama anatafuta miwani mkobani. Nikaweka kidole changu mimi. Ting! Taa ya kijani.

Karani aliporudi alishangaa. Nikamwambia Shangazi aliufuta mkono kwenye gauni. Akampongeza, mambo yakaisha. Jamani, kichwa hiki! Jioni nimejinunulia soda.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa juu ya ngazi nachora bango la kinyozi nilipomwona Shangazi anarudi kutoka duka la dawa, Taratibu pembeni yake, mikono mitupu. Kimashine kimemkataa. Kinasema yeye siye, aliyeandikishwa kidole chake kinasomeka vizuri.

Haikunipitia akilini kwamba kidole kingetakiwa tena! Ingawa Taratibu alilisema Jumanne, na mimi mwenyewe nimeliandika hapo juu. Lakini nani anasoma shajara yake?

Shangazi hakulalamika. Angelalamika ningepumua. Alikaa kitandani, akavua viatu kwa tabu, akasema labda serikali nayo imechoka na wazee. Kidonge kilichobaki ni kimoja. Amekikata robo.

Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote. Akanifinya sikio, mimi mtu mzima mwenye mvi. Kisha akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akanifinya tena, sikio la pili.

Jumamosi, 8 Machi

Taratibu alishauri niende nikamwambie mfamasia ukweli. Ukweli! Huo ndio mpango wa mtu asiye na mpango.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Shangazi anajitanda lile shali lake kubwa la sufu. Mimi nachutama nyuma yake. Mkono wangu unatokea chini ya shali, unaweka kidole, unarudi. Shangazi alikataa katakata. Nikamwonyesha ile robo ya kidonge. Akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye hatasema uongo hata nusu neno, atasimama tu anaangalia dari.

Tukafika kaunta ya duka la dawa. Akaangalia dari. Nikapenyeza mkono. Ting! Kijani! Nilitamani kupiga vigelegele.

Mfamasia akatazama kioo cha kompyuta. Akautazama mkono. Una vinyweleo, una saa ya kiume, una rangi ya bluu mpaka karibu na kiwiko. Na Shangazi, kwa uchovu wa kusimama, alikuwa ameegemea kaunta kwa mikono yake yote miwili.

"Bibi," mfamasia akasema, "leo umekuja na mikono mitatu."

Foleni nzima ikasogea kutazama. Nikaiona jela. Nikawaza nani atamchemshia Shangazi maji ya kuoga. Basi nikapiga moyo konde, nikatoka chini ya shali nywele zimesimama, nikasema kosa ni langu peke yangu. Kwamba vidole vya mama huyu vimeishia kwenye karai la kufulia ili mimi nile nishibe. Wanifunge mimi, ila yeye wampe vidonge vizima. Sauti ikanikatika katikati. Sikuigiza.

Mfamasia akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Nikajua polisi wamefika. Kugeuka, ni bango langu. Mstari wa tatu, herufi za bluu, hakuna iliyolala: WAZEE AMBAO VIDOLE VYAO HAVISOMEKI HUPIGWA PICHA YA USO HAPA HAPA, BILA MALIPO.

Yarabi toba.

Shangazi akapigwa picha. Kilichochelewesha ni yeye mwenyewe kutaka kwanza atengeneze nywele. Akapewa vidonge vya mwezi mzima, akafungua mkoba akatoa sarafu, na nyingine zikabaki. Njiani alikuwa akifungua mfuko kila hatua chache, anachungulia, anafunga. Mimi nilionywa vikali. Kidole changu kwenye jina la Shangazi lazima nikakifute mwenyewe kule usajili. Taratibu alikuwemo kwenye foleni muda wote. Hakusema lolote. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 19 Machi

Shangazi anameza kidonge kizima kila asubuhi. Uvimbe umeshuka. Jana viatu vimemwingia, akatembea mpaka sokoni na kurudi, tena Taratibu akaachwa nyuma anahema. Kisu kimerudi kwenye vitunguu. Nikimsikia anaimba jikoni nashindwa kuchora vizuri, macho yanaloa. Ni rangi hii, ina harufu kali.

Amenilazimisha na mimi nipimwe. Presha iko juu. Nilidhani mfamasia atanifukuza, kumbe akaniambia mpango ni wa kila mwenye ugonjwa, hata mimi. Hata mimi! Kesho nakwenda kujiandikisha kihalali na kukifuta kile kidole.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi bila kujiandikisha. Foleni ya watu wa kawaida imezunguka jengo. Foleni ya wazee ina watu wawili, na viti vyao vina mito! Mlangoni yupo karani mgeni, hainui kichwa. Unaweka kidole, kimashine kinasoma umri, anakuelekeza upande wako.

Na kidole changu, mpaka leo, ni cha mwanamke wa miaka sitini na minane.

Taratibu anasema nikapange foleni kama watu wengine, mpaka jioni nitakuwa nimemaliza. Anapenda kuongea huyu mzee. Kesho naamka mapema. Ndevu nimeshanyoa. Shangazi anazunguka nyumba nzima akiuliza nani kaliona shali lake.