Simbilisi Kwenye Usaili

Jumatatu, 4 Novemba

Magoti yamekufa. Siku nzima juu ya paa huko mtaa wa Astoria, tunamwaga lami ya moto lisivuje. Wilmer Quizhpe, ambaye nimetoka naye kijiji kimoja kule kwetu Azuay kabla ya kuhamia nchi hii, na ambaye kwa bahati mbaya tunashika naye ndoo moja, kanitangazia kwamba mwanawe Jefferson kapata mwalimu wa ziada. Mwalimu mwenye miwani! Jefferson na binti yangu Nayeli wanafanya mtihani Jumamosi wa kuingia ile sekondari ya kilimani. Watoto elfu mbili, nafasi tisini.

Akaniuliza Nayeli anafundishwa na nani. Nikamwambia, na mimi. Kacheka mpaka akashika bomba la moshi asianguke. Eti, “Wewe, Segundo? Wewe wa darasa la nne?”

Tutaona. Nataka jambo moja tu duniani: binti yangu asiijue harufu ya lami.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimechukua kitabu cha mazoezi cha Nayeli bila kumwambia. Nijifunze wakati wa chakula, jioni nimfundishe. Swali la kwanza: treni mbili zinaondoka miji miwili kwa wakati uliopangwa, zitakutana saa ngapi? Nimeishi chini ya reli ya Roosevelt, ile inayopita juu ya nguzo, miaka kumi. Sijaona treni hata moja iliyofuata wakati uliopangwa. Swali la uongo!

Nikakiweka kitabu ukingoni nile. Upepo. Ndoo ya lami. Nimekitoa, hakifunguki tena. Wilmer kashauri tukipigilie kwenye kona inayovuja.

Nimekiri nyumbani. Nayeli kasema, “Baba, hicho nilikimaliza tangu Agosti. Si ungeniuliza tu?” Mke wangu Zoila aliinamia jiko. Alikuwa anacheka ndani ya sufuria.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya mtihani. Mpango wa pili ulianza jana: nilimwambia Wilmer, kirafiki kabisa, kwamba wataalamu wanasema mtoto ashibe sana kabla ya mtihani. Mahindi ya kuchemsha na nguruwe wa kukaanga, bakuli zima. Jefferson angesinzia kabla ya swali la tano.

Ubaya wa Wilmer ni kwamba ana roho nzuri. Kafika getini na mabakuli mawili! Kamwambia Nayeli, “Kula, mwanangu, ni ushauri wa baba yako huyu.” Ningesema nini? Nikalinyakua bakuli la Nayeli nikala lote. Jefferson akasema woga umemfunga tumbo, hawezi hata tonge. Wilmer akanisukumia na hilo, eti mimi ndiye mtaalamu. Nikala.

Nimelala kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, mdomo wazi. Nayeli ndiye aliyeniamsha. Mtihani ulikuwaje? “Wa kawaida.” Hilo ni jibu la kumpa mzazi?

Jumatatu, 2 Desemba

Wameitwa kwenye usaili! Wote wawili, bahati mbaya. Mzazi mmoja aje pia.

Sasa hapa ndipo ninapojua kazi. Baba yangu alipotaka nipokelewe shule ya Sígsig, mji wa karibu na kijiji chetu, alimpelekea mwalimu mkuu simbilisi mnono wa kuchoma, yule mnyama mdogo tunayemfuga jikoni kwa kitoweo. Nikapokelewa siku ileile, nikasoma miaka minne mizima. Njia imethibitika. Kwetu huendi kuomba jambo kubwa mikono mitupu.

Nimeagiza mmoja kwa mama anayechoma kule mtaa wa Corona. Mzima, na kichwa chake, na meno yake. Zoila hajui. Nayeli hajui. Wilmer ndiyo kabisa!

Jumatano, 4 Desemba

Aibu. 

Nimeingia na simbilisi ndani ya koti, kafungwa kwa foili. Msaili ni Bi. Halloran, mwalimu wa baiolojia, mama mpole mwenye sweta. Nimeketi. Nimetazama dirishani. Kizimba. Ndani yake, simbilisi. Hai! Ana kitambaa cha kulalia! Ana jina, Biskuti!

Nikalifunga koti mpaka shingoni. Lakini kiti changu kilikuwa kando ya hita. Harufu ikaanza kupanda, kitunguu saumu na mafuta. Bi. Halloran akanusa, akauliza ni nini kinachonukia vizuri hivyo. Nikasema, koti langu.

Nayeli akanigeukia. Mguu wa simbilisi ulikuwa umetokeza kwenye kola. Na kucha zake.

Mtoto huyu hajui kudanganya, sijui kamrithi nani. Akasema yote. Kwamba baba kaleta zawadi, na zawadi ni nini. Bi. Halloran akaweka mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kizimba. Nikaona paa, ngazi, ndoo, na binti yangu akipanda nyuma yangu.

Nayeli akaendelea, polepole. Kwamba alilelewa na bibi yake kule kijijini mpaka miaka saba, jikoni wakiwa na simbilisi arobaini. Jinsi bibi anavyochagua dume, anavyojua jike mwenye mimba kwa kumshika tu. Akauliza kama Biskuti anakula vizuri. Bi. Halloran akakiri kwamba amesusa tangu Ijumaa. Nayeli akasema, “Bibi hamweki hata mmoja peke yake. Wanakonda kwa upweke.” Mama yule akatoa daftari akaanza kuandika. Dakika ishirini!

Mimi niliulizwa swali moja tu: natumaini nini kwa shule hii? Nilikuwa nimekariri mistari kumi. Yote imekimbia. Nikasema, “Asipande juu ya paa.” Akanitazama mikono. Hakuandika kitu.

Zawadi kaikataa, eti kanuni. Nimempa mlinzi wa getini, mtu wa Loja, jirani na kwetu Azuay. Alikuwa anang'ata mguu kabla sijavuka barabara.

Ijumaa, 20 Desemba

KAPATA! Nayeli kapata! Zoila kalia, mimi nimekohoa sana kwa sababu ya vumbi. Jefferson kapata pia. Wilmer anasema ni yule mwalimu wa miwani. Maskini, hajui dunia inavyokwenda.

Chini ya barua Bi. Halloran kaongeza kwa mkono kwamba Biskuti sasa ana mwenzake na anakula. Zoila anasema mtoto kafaulu kwa akili zake. Nayeli anasema zilikuwa alama za mtihani, na kwamba barua inataja alama. Nimewaacha waseme. Mlinzi yule alikula mpaka mifupa, na mtu aliyeshiba hakosi kukusemea kwa wakubwa.

Nayeli kanitaka niape, mbele ya mama yake, kwamba simbilisi hataingia tena shule ile. Nimeapa, mkono juu.

Januari kuna mkutano wa wazazi na mwalimu wa hesabu. Bado hanijui. Nimempigia yule mama wa Corona kumuuliza kama anachoma na sungura.

Anachoma.