Mjukuu wa Ntemi wa Nyamigota

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu Ndalahwa ametangaza leo kwamba Jumamosi kidato cha tatu tunakwenda Nyamigota, mji wa kale wa mawe juu ya kilima. Anasema ulijengwa enzi zile Kilwa ikiwa na masultani. Kila mmoja ataandika insha. Atakayeandika vizuri kuliko wote ataisoma mbele ya shule zote za mkoa wa Simiyu.

Huyo ni mimi. Nimeshachagua sauti.

Tatizo ni Zamda tu. Baba yake ana duka Somanda. Akiuliza jambo darasani, walimu husema, "Swali zuri." Nikiuliza mimi, husema, "Kaa chini, Generoza."

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata njia. Kaka Mahona, jirani yetu, amewahi kufika Nyamigota. Anasema wageni hupandishwa mpaka kileleni, lakini nyumba ya ntemi, mfalme wa kale wa pale, huichungulia kwa nje. Wanaoingia ni watu wa ukoo wake peke yao. Mlinzi wa pale, Mzee Mashimba, humuuliza kila anayemsalimu ni wa ukoo gani.

Basi Jumamosi nitakuwa wa ukoo wa ntemi. Kwetu si wa ukoo huo. Babu yangu alichunga ng'ombe wa watu wengine. Lakini ukoo ni neno moja, na kulitamka najua. Zamda atachungulia, mimi nitaingia.

Nimefanya mazoezi ya kupiga goti mbele ya kabati. Mama ameniuliza kama nimeangusha kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Kilima chenyewe ni mawe makubwa yaliyoegemeana kama ng'ombe wanaokwepa mvua. Mzee Mashimba alitupokea kwake, pale chini. Zamda alimwambia kwamba yeye ni mgeni, baba ametoka Tabora, mama Kondoa. Mzee akasema, "Karibu sana, mgeni wetu," akampa kigoda.

Zamu yangu. Goti chini. Nikamwamkia babu kwa Kisukuma: Mwangaluka, guku. Alipouliza ukoo, nikautaja ule wa ntemi.

Mzee alisimama. Akamwita mkewe, Bibi Ng'washi, naye akanikumbatia na kusema kumbe damu yetu bado inakumbuka njia ya nyumbani. Nilimtafuta Zamda kwa macho ili aone vizuri.

Kisha Bibi akanifunga kitenge kiunoni na kunipa mwiko.

Nimeelezwa kwamba mtoto wa nyumbani hatembezwi na wageni. Wageni wakishuka watakuwa na njaa, na mtoto wa nyumbani ndiye anayewapikia. Niliomba kwa adabu nikaione kwanza nyumba ya ntemi. Bibi alicheka. "Wewe ni wa hapa, mjukuu wangu. Kilima kitakimbilia wapi?"

Nimesonga ugali wa darasa zima. Huko juu niliwasikia wenzangu wakishangilia kitu. Sijui ni kitu gani.

Bibi naye hakunyamaza. Anasema zamani adui waliuzingira mji hadi chakula kikaisha. Wanawake wakatwanga vinu vitupu mchana na usiku, ili adui waliokuwa chini wasikie na kudhani maghala bado yamejaa. Mwishowe adui wakakata tamaa, wakaondoka. Hadithi ya jikoni. Sikuiandika.

Wakati wa kurudi Zamda aliniuliza kwa nini nanuka moshi. Nikamlalamikia yote, pamoja na habari za vinu. Akasogea karibu. "Endelea, dada."

Jumatano, 14 Mei

Nilikuwa na matumaini makubwa. Insha yangu ilihusu nyumba ya ntemi, na kwa kuwa sikuiona, hakuna kilichonizuia. Niliweka nguzo, ngazi, ghorofa na kiti cha enzi cha pembe za ndovu.

Mwalimu Ndalahwa alisema nyumba ile ni duara la mawe linalofika magotini. Akauliza ghorofa niliipandia wapi. Nikajibu kwamba ni makadirio. Darasa likacheka.

Zamda ameshinda. Ameandika habari za vinu vitupu, na ameanza hivi: "Nimesimuliwa na Generoza, aliyekuwa jikoni wakati sisi tunapiga picha."

Mwalimu aliniuliza kwa nini sikuiandika mimi hadithi nzuri kama ile. Nikamwambia haikuwa na mfalme ndani yake. Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anaitafakari hoja yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Bibi Ng'washi ametuma mtu wa bodaboda. Mwisho wa mwezi kuna kumbukumbu ya ntemi. Wajukuu wote wawahi, hasa yule mwenye mkono mzuri wa ugali. Baba ameuliza tangu lini sisi ni wa ukoo huo. Nimemwambia ni mambo ya shule.

Darasa letu pia limealikwa, na Mwalimu anasema atakayeiandika vizuri siku hiyo atasimama jukwaani pamoja na Zamda. Bado nafasi ipo.

Kosa langu nimeliona: nilichagua undugu usiofaa. Safari hii mimi ni mtani wao. Watani huwatania wakubwa, hujichukulia wanachotaka, na hakuna wa kuwakasirikia. Nimeshatuma jibu hilo kwa yule yule wa bodaboda.

Mama alipopata habari alikaa chini ili acheke vizuri. Anasema siku ya kumbukumbu watani ndio huamka kabla ya wote, na kuni, maji na masufuria yote ni yao.

Lakini mama hakusoma historia.