Boliti Zote Daraja la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe ametangaza kwamba mgongo umemshinda. Jumamosi anamkabidhi mtu ufunguo wa karakana. Mtu gani? Ama mimi, mkwe wake, niliyesimama kwenye mashine yake ya kukereza miaka tisa, ama shemeji yangu, binti yake mdogo, aliyerudi kutoka chuo juzi na kabati zima la vipimo. Juzi tu! Mimi namwita Binti Vipimo. Si mbele yake.

Baba mkwe akasema atampa yule anayejua kuendesha biashara. Alisema akiniangalia mimi. Au aliangalia saa ya ukutani iliyo nyuma yangu. Sina hakika.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimepeleleza. Nilishika fagio nikawa nafagia karibu na mashine ya Binti Vipimo. Baba mkwe akauliza kama naumwa.

Akaja mwenye pampu kutaka boliti. Shemeji hakutaja bei. Kwanza akamwuliza boliti inakwenda kufungwa wapi. Eti nyuzi za boliti, ile mikato ya kuzunguka ambamo nati inapita, zina madaraja! La kwanza, nati inaingia ikiwa imelegea kidogo. Unakata haraka, bei ndogo. La pili ni la kawaida. La tatu limebana, nati haichezi hata chembe. Unakata polepole, unapima kila moja, iliyokosewa unatupa. Kwa hiyo bei yake mara tatu.

Nikangoja jamaa acheke aondoke zake. Wapi! Alilipa. Tena akashukuru, akamwita injinia. Mimi miaka tisa naitwa "wewe fundi".

Na boliti ni ile ile! Urefu ule ule, unene ule ule. Roho iliniuma mpaka nikamfagia mteja kiatu.

Jumatano, 6 Machi

Nimempatia dawa. Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu, nimekitundika mlangoni upande wangu: HAPA BOLITI ZOTE DARAJA LA TATU, BEI YA DARAJA LA KWANZA. Kama iliyobana ndiyo bora, nani atataka iliyolegea? Hilo chuoni hawakumfundisha.

Wateja wakamiminika! Hata Fundi Mageti, ambaye siku hizi hatoki kwa Binti Vipimo, amevuka kuja kwangu mchana kweupe. Anataka gunia zima la boliti pamoja na nati zake, za mageti ya shule. Jumamosi jioni lazima yawe yamesimama.

Shemeji akaja polepole, akasema boliti za mageti zinakaa nje, daraja la kwanza linatosha, tena ndilo linalofaa. Nikamwambia wivu utamzeesha. Akarudi kwenye mashine yake. Jamani, raha niliyoipata! Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Daraja la tatu ni mateso. Kisu cha mashine kinapoteza makali kabla sijamaliza kukisifu. Hadi mchana ndoo ya zilizokosewa ilikuwa imejaa, na zilizo sawa zilienea kwenye kofia yangu.

Halafu lazima upime, na geji ya kupimia iko kwenye kabati la shemeji. Kuomba? Thubutu! Nilimtuma mke wangu. Akanijibu kwamba huyo ni mdogo wake, si simba, niende mwenyewe. Nikasubiri shemeji aende kula, nikanyemelea. Kabati wazi, geji haipo. Naikuta juu ya meza yangu mwenyewe! Imefutwa, imepakwa mafuta, imewekwa juu ya kitambaa safi. Dharau gani hii?

Jioni gunia likajaa kwa shida, Fundi Mageti akaja kulichukua. Nimepiga hesabu. Kila boliti ninayouza inanila. Lakini nauza nyingi kuliko yeye, na hilo ndilo la maana.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi Mageti amerudi. Tulimsikia kabla hajashuka garini.

Kumbe alipotoka hapa jana alipeleka boliti zikachovywe kwenye zinki zisipate kutu. Zinki nayo inaongeza ngozi juu ya nyuzi. Sasa nati haiingii hata moja. Amejaribu kwa spana, kwa nyundo, amejaribu na kwa matusi. Alisema hayo yote kwa sauti, na baba mkwe yuko dirishani na kikombe chake.

Nikasema kosa ni la zinki. Fundi Mageti akasema atanivisha hilo gunia kichwani.

Binti Vipimo akachukua boliti moja, akaigeuza. Akaeleza kwamba ile nafasi ya daraja la kwanza ndipo zinki inapokaa. Mimi sikuiachia pa kukaa. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Ningefurahi mno! Hakusema. Aliomba nati zote, akaanza kuzipanua nyuzi za ndani, moja moja. Mimi nilishika kopo la mafuta. Mchana kutwa, kopo la mafuta! Fundi Mageti akaondoka anapiga mluzi. Hakuniaga.

Jumamosi, 9 Machi

Siku yenyewe. Nimevaa shati la harusi yangu. Halifungi.

Baba mkwe akamtaka shemeji aeleze yaliyotokea jana. Nikajua nimekwisha. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Shemeji akasema mteja alipata tatizo dogo, na yeye na shemeji yake wakalimaliza pamoja. Akasema hakuna anayeijua mashine ile kama mimi, na hawezi kuendesha karakana bila mimi.

Ufunguo akapewa yeye. Mimi nimebaki fundi mkuu, kwa ombi lake. Mke wangu alilia kwa furaha. Akamkumbatia mdogo wake, akaniuliza kama nimeuona moyo wa mtu mwema. Baba mkwe naye akafuta macho. Mimi nimesimama pale, shati wazi, hakuna aliyeutaja moyo wangu.

Kumbe ndiyo biashara yake! Nati zilikuwa danganya toto. Anachouza huyu ni wema, na wanaununua wote, mpaka mke wangu.

Haya. Kuanzia Jumatatu na mimi ni mwema. Mwema kuliko yeye, kwa kila mteja, tena kwa nusu bei. Rangi ya kibao nimeshanunua.